Jina la Lugha katika Katalogi: Kinyiramba cha Kiomboi na Historia ya Metadata za Lazima

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna lugha ya Kinyiramba, inayozungumzwa Kiomboi na maeneo jirani mkoani Singida, ilivyotajwa katika machapisho na orodha za maktaba tangu miaka ya 1920 hadi zama za maktaba za kidijitali. Inabainishwa kwamba tofauti za tahajia, ugawaji wa misimbo ya lugha na mabadiliko ya mipaka ya kiutawala vimetawanya maandishi machache yaliyopo. Hoja kuu ni kwamba uamuzi kuhusu nyuga zipi za maelezo ziwe za lazima si suala la kiufundi pekee, bali huamua ni jamii gani itaweza kuyafikia maandishi yake yenyewe.

1.0 Utangulizi

Kiomboi ni makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Lugha ya wenyeji wengi wa mji huo na vijiji vinavyouzunguka ni Kinyiramba, lugha ya Kibantu iliyo jirani na Kinyaturu, Kisukuma na Kinyamwezi. Msomaji anayetaka kujua yaliyoandikwa kuhusu lugha hiyo hategemei tena rafu za maktaba pekee. Huandika neno katika kisanduku cha kutafutia na kusubiri majibu. Ugumu wake huanzia kwenye neno hilo. Akiandika Kinyiramba, jina linalotumika katika Kiswahili cha kila siku, huenda asione machapisho yaliyoorodheshwa kwa jina la Kiniramba, wala yale yaliyoorodheshwa kwa jina la Nilamba. Maandishi yapo, lakini kwake ni kama hayapo.

Kinachounganisha msomaji na andiko katika mazingira hayo ni metadata, yaani data zinazokieleza kitu kilichohifadhiwa: anwani yake, mtunzi, tarehe, lugha, mahali, aina na haki za matumizi. Kila maktaba ya kidijitali huamua ni nyuga zipi zisizoruhusiwa kuachwa wazi. Nyuga hizo ndizo zinazoitwa metadata za lazima.

2.0 Utenzi wa pwani na ngano ya bara

Desturi ya kulitambulisha andiko haikuanza na kompyuta. Katika fasihi andishi ya pwani, mara nyingi mtunzi aliweka utambulisho ndani ya utungo wenyewe. Mwana Kupona binti Msham aliutaja mwaka wa Hijria 1275, sawa na 1858/1859, ndani ya utenzi aliomtungia binti yake. Hivyo, hata nakala ilipohama kutoka mkono hadi mkono, habari za msingi zilisafiri pamoja na beti. J. W. T. Allen alipochapisha mwaka 1970 katalogi ya miswada na kanda za Kiswahili na Kiarabu zilizokuwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa akiorodhesha fasihi ambayo kwa kiasi fulani ilikuwa imekwisha kujieleza.

Ngano ya Kinyiramba haikuwa na desturi hiyo, wala haikuihitaji. Wasikilizaji walimjua fanani kwa sababu walikuwa wameketi mbele yake. Jina lake, kijiji chake na usiku wa masimulizi vilikuwa sehemu ya tukio, si sehemu ya matini. Ngano hiyo ilipoandikwa na kuondolewa mahali pake, mambo hayo yote yalibaki nyuma isipokuwa yale ambayo mkusanyaji aliona yanafaa kuandikwa. Asipoyaandika yeye, hakuna mkutubi wa baadaye awezaye kuyarejesha. Kwa fasihi simulizi, basi, metadata ndiyo sehemu pekee ya utendaji inayoweza kunusurika ndani ya andiko.

3.0 Kutoka Kiniramba hadi Nilamba

Miongoni mwa machapisho ya mwanzo kuhusu lugha hii ni ya Frederick Johnson. Katika miaka ya 1920 alichapisha maelezo ya sarufi yake katika jarida la Bantu Studies la Afrika Kusini, na mwaka 1931 jarida hilohilo likatoa mkusanyiko wake wa ngano. Johnson anakumbukwa zaidi kama katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930, na kwa kamusi za Kiswahili Sanifu zilizotoka mwaka 1939, baada ya kifo chake. Mtu aliyeshiriki kwa kiwango kikubwa kusanifisha tahajia ya Kiswahili ndiye pia aliyeiandika lugha ya Iramba, naye aliiita Kiniramba.

Mwaka 1948 Malcolm Guthrie, katika uainishaji wake wa lugha za Kibantu, aliiweka katika kanda F na kuipa alama F31 kwa jina la Nilamba. Tofauti baina ya majina haya inaelezeka kiisimu. Kwanza, kiambishi ki- hubakizwa na wanaofuata mazoea ya Kiswahili na hudondoshwa na wanaofuata mazoea ya Kiingereza. Pili, mpishano wa l na r ni jambo la kawaida katika lugha nyingi za Kibantu. Tatu, nazali iliyo mbele ya irabu i imeandikwa na baadhi kuwa n na wengine kuwa ny. Mwanaisimu hutambua mara moja kwamba Kiniramba, Nilamba na Kinyiramba ni lugha moja. Mashine inayolinganisha herufi kwa herufi haitambui hivyo mpaka ielezwe. Jirani zao wamepatwa na hali hiyohiyo: Isanzu na Ihanzu ni majina ya jamii moja katika machapisho tofauti.

4.0 Misimbo

Misimbo ya lugha ilibuniwa ili kuondoa utata huo. Hata hivyo, kiwango cha ISO 639-2 cha mwaka 1998, kilichotokana kwa sehemu kubwa na mahitaji ya maktaba, kilizipa msimbo lugha chache tu. Kisukuma kilipata suk na Kinyamwezi kikapata nym, ilhali Kinyiramba na Kinyaturu viliachwa katika kapu la bnt, yaani lugha nyingine za Kibantu. Kigezo kimojawapo kilikuwa kuwapo kwa nyaraka 50 za lugha husika katika maktaba moja au chache. Hapa pana mduara: lugha yenye nyaraka chache haikupata msimbo, na nyaraka zake zisizo na msimbo hazikuweza kuhesabika kwa urahisi kuwa ni zake. Ni kiwango cha ISO 639-3 cha mwaka 2007 kilichoipa Kinyiramba msimbo wake, nim, na Kinyaturu rim. Katalogi zinazoendelea kutumia orodha ya zamani bado haziwezi kuzitenganisha lugha hizi mbili kwa msimbo.

5.0 Mahali

Uga wa mahali nao una historia. Andiko kutoka eneo hili linaweza kuwa la Afrika Mashariki ya Kijerumani, la Jimbo la Kati la Tanganyika, au la Mkoa wa Singida wa Tanzania, ingawa kijiji hakikusogea hata hatua moja. Mwaka 2012 Wilaya ya Mkalama ilimegwa kutoka Iramba. Kwa hiyo, rekodi ya zamani isemayo Iramba huenda inahusu kijiji ambacho leo kiko Mkalama. Suluhisho si kufuta jina la kale, bali kuandika yote mawili: jina lililotumika andiko lilipotungwa na jina la sasa.

6.0 Ulazima na hatari yake

Mfumo wa Dublin Core, uliochipuka kutokana na warsha ya mwaka 1995 huko Dublin, Ohio, na kufanywa kiwango cha ISO 15836 mwaka 2003, una vipengele 15. Kila kimoja ni cha hiari na kinaweza kurudiwa. Ulazima, kwa hiyo, hautoki katika mfumo; hutoka katika uamuzi wa kila maktaba. Maktaba nyingi hulazimisha anwani na tarehe kwanza. Kwa kanda ya ngano kutoka Kiomboi, anwani mara nyingi imebuniwa na mkusanyaji, na tarehe ni ya kuchapishwa, si ya kusimuliwa. Vilivyo muhimu zaidi, yaani lugha, kijiji na fanani, huachwa kuwa hiari.

Hata hivyo, kulazimisha bila busara huzaa uongo. Mworodheshaji asiyejua lugha ya kanda, akikuta uga hauruhusu kuachwa wazi, atachagua Kiswahili kwa kuwa kanda inatoka Tanzania. Uga uliojazwa kwa kubahatisha ni mbaya kuliko uga mtupu, kwani uga mtupu humwalika mtu kuuliza, ilhali kosa lililoandikwa hunyamazisha swali. Ulazima unaofaa ni ule unaokubali jibu la “haijulikani” na kuonyesha nani alijaza nini.

7.0 Hitimisho

Historia ya Kinyiramba katika katalogi inaonyesha kwamba lugha inaweza kuandikwa na bado ikapotea. Maktaba za Tanzania zinazoendelea kugeuza hazina zao kuwa za kidijitali zina nafasi ya kurekebisha hali hiyo kwa gharama ndogo: kulazimisha uga wa lugha kwa msimbo wa ISO 639-3, kuurudia kwa majina yote yaliyowahi kutumika, kulitanguliza jina ambalo wazungumzaji wenyewe hulitumia, na kumpa fanani uga wake. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na wakutubi peke yao. Inahitaji wanaisimu wanaojua kwa nini Nilamba na Kiniramba ni kitu kimoja, na wazee wa Iramba wanaoweza bado kusikiliza sauti ya fanani katika kanda na kusema alikuwa nani.