Mji Uliohamwa Mwituni

Kusini ya Malindi, ndani ya mwitu, yako magofu ya mji wa Gedi. Tulimfuata kiongozi katika kijia chembamba, miti imeota juu ya kuta za matumbawe, hata tukafika penye kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, ndio 1399. Ni kazi ya Waswahili wenyewe, wala si ya wageni, kama wengi walivyodhani zamani. Vyombo vya Uchina vilifukuliwa humo. Lakini Wareno waliokaa Malindi karne ya 16, jirani kabisa, hawakuuandika mji huu. Mbona ulihamwa karne ya 17? Kiongozi akatuonyesha kisima cha Msikiti Mkuu. Wenyeji walikiongeza kina. Yaonekana maji yalikuwa yakiwakimbia.