Bweranyange, kwa Njia ya Kyoto

Ndugu msomaji, mimi Japani nimekwenda. Sikupanda ndege wala sikuomba viza. Nilikuwa nimekaa mkekani nyumbani Chonyonyo, Karagwe, na binamu yangu aliyetoka Dar akanipitisha mji baada ya mji katika simu yake. Kyoto, makao ya wafalme tangu 794 hadi 1868. Nara na Buddha wake mkubwa wa shaba. Hekalu la Kinkaku-ji lililopakwa dhahabu, linajitazama majini. Akaweka simu chini akaniuliza, "Haya, mwandishi, kwenu hapa kuna nini cha kumwonyesha mgeni?"

Swali lilinichoma, bwana. Kesho yake nikampakia kwenye pikipiki tukaenda Bweranyange.

Sitakudanganya: jumba la dhahabu hulikuti. Hapa ndipo palipokuwa makao ya Wakama wa Karagwe, ukoo wa Bahinda, lakini nyumba za Mukama Rumanyika zilikuwa za miti na nyasi, na nyasi hazisubiri watalii. Binamu akageuka huku na huku. "Ndiyo hapa?" Nikamkumbusha kwamba kule Ise, Japani hiyo hiyo, mahekalu yao matakatifu nayo ni ya mbao na paa la nyasi, huyajenga upya kila baada ya miaka 20, na mara ya mwisho ilikuwa 2013. Mzee mmoja tuliyemwamkia akatazama viatu vyeupe vya binamu, akasema, "Umechelewa, mwanangu. Wenzako walikuja kwa miguu."

Wenzake hao ni Waingereza wawili, Speke na Grant, waliofika kwa Rumanyika Novemba 1861 wakitafuta chanzo cha Nile. Njia haikuwa mpya. Wafanyabiashara wa pwani walishajenga kituo chao Kafuro wakitafuta pembe za ndovu, na Speke mwenyewe anasimulia kwamba Mukama aliwasalimu kwa Kiswahili safi. Naam, Kiswahili, Karagwe, mwaka 1861! Na bado kuna wanaotuambia tumekijua juzi shuleni.

Speke alikuwa mtalii hasa. Ziwa lililokuwa mbele yao liliwakumbusha ziwa la kwao, wakaliita Windermere Ndogo. Akasikia kwamba wake wa wakubwa hunyweshwa maziwa mpaka wanashindwa kusimama, akataka kumpima shemeji mmoja wa Mukama kwa futi kamba. Mama yule hakupimwa bure: Speke naye ilibidi amwonyeshe miguu na mikono yake mitupu. Sehemu hiyo huwa inanichekesha, maana walau mara moja mtazamaji naye alitazamwa. Lakini aliyeandika ni mmoja tu, na kitabu kikatoka 1863. Stanley alipopita 1876 akaonyeshwa nyumba ya hazina, yenye bata wa shaba na sanamu za ng'ombe wasio na vichwa. Naye akaandika.

Sasa turudi Japani kidogo, maana kuna jambo linaloninyima usingizi. Januari 1862, mwezi ule ule Speke alipoondoka kwa Rumanyika kwenda Buganda akimwacha Grant na kidonda chake cha mguu, wajumbe wa serikali ya Japani walipanda meli kwenda Ulaya. Mmoja wa wakalimani wao alikuwa kijana wa miaka 27, Fukuzawa Yukichi. Aliangalia hospitali, reli, mabenki na bunge, akiuliza na kuandika. Mwaka 1866 akaanza kuchapa kitabu chake juu ya mambo ya nchi za Magharibi, na Wajapani wakakigombania. Sura yake ikaja kukaa kwenye noti ya yeni 10,000 kuanzia 1984 mpaka noti mpya zilipotoka 2024.

Na Karagwe? Speke alimwambia Rumanyika ampe mtoto mmoja au wawili akawasomeshe Uingereza. Hawakwenda. Sababu aliyoitoa Speke ndiyo inayouma: aliipenda jamii ile kwa kuwa aliamini asili yake ni Uhabeshi. Yaani adabu na akili alizoziona pale lazima ziwe zimetoka kwingine. Wazo hilo la watawala waliotoka mbali lilikuzwa na wakoloni ng'ambo ya Kagera, Rwanda, likawagawa watu. Mwaka 1994 waliokimbia mauaji wakaja kujaa kambini Karagwe hii hii. Kitabu cha mtalii si kitu cha kuchezea, jamani.

Ningetoa nini nipate kusoma daftari la mtoto wa Rumanyika aliyetembea London akiwapima Waingereza viuno!

Yote hayo nilimweleza binamu pale pale juani, kwa kelele zangu za kawaida. Mzee alikuwa anasikiliza. Nilipofika kwenye ziwa akanikatiza.

"Waliliitaje?"

"Windermere Ndogo, babu."

"Na huko kwao, wana ziwa wanaloliita la Karagwe?"

Binamu akacheka, kisha akanyamaza. Mzee akakaa juu ya jiwe, akasema kama tuna karatasi basi tuandike, ataanza na majina ya vilima. Nikatoa daftari. Simu ya binamu ilishakwisha chaji.