Ngoma Iliyoliona Shimo: Muziki na Sauti katika Teatre ya Kwetu

Watu wengi wakisikia neno teatre, mawazo yao yanakwenda kwanza kwa yule anayesema: mchezaji, maneno yake, nguo zake. Muziki wanauweka kando, sawa vile maua juu ya meza: ukiwepo ni vizuri, ukikosekana watu watakula tu. Sisi wa kando ya Lualaba, tangu Mulongo na Malemba-Nkulu mpaka Kamina, tuko na sababu ya kukataa mawazo hayo. Historia ya mwanzo wa ufalme wa Baluba, vile wazee wanavyoisimulia, imesimama juu ya mpiga ngoma.

Tuikumbushe kwa ufupi, maana vijana wengi wanaijua nusu tu. Nkongolo Mwamba alimwonea wivu mpwa wake Kalala Ilunga, mtoto wa mwindaji Mbidi Kiluwe, juu ya nguvu zake na sifa aliyokuwa anapata kwa watu. Basi akachimbisha shimo, akasimamisha mikuki ndani, akatandika mkeka juu yake. Kisha akamwita Kalala aje kucheza mbele ya watu wote. Tuangalie vizuri jambo hili. Nkongolo alitengeneza teatre kamili: kuna uwanja, kuna watazamaji, kuna mchezaji, na kuna ngoma. Kilichofichwa ni kimoja tu, nacho ni kifo.

Mpiga ngoma alijua siri ile. Kupaza sauti hakuweza, angekufa palepale. Akabadilisha mapigo, na ngoma ikasema kile ambacho mdomo haukuweza kusema. Kalala akasikia, akachoma mkeka kwa mkuki wake, shimo likaonekana, naye akaruka na kukimbia. Wengi wanasema alivuka Lualaba kwenda kwa baba yake, na aliporudi na watu wa vita, siku za Nkongolo zikaisha. Masimulizi hayapatani katika mambo mengi, na majina mengine yanabadilika kutoka kijiji mpaka kijiji. Lakini ngoma ile, karibu kila msimulizi anaiweka mahali palepale, kabla ya mguu kufika katikati ya mkeka.

Sisi tunaona kwamba hapo kuna fundisho lote la sauti katika mchezo. Watazamaji walisikia muziki wa kucheza, mtu mmoja akasikia onyo, na sauti ilikuwa ile ile moja. Tena mpiga ngoma alikuwa anajua jambo ambalo mchezaji hakulijua, na alikuwa anaona miguu yake.

Mtu wa mjini aliyezoea Kiswahili peke yake anaweza kuuliza: ngoma itasema namna gani? Jibu liko katika lugha. Kiluba ni lugha ya sauti za juu na za chini. Neno likibadilisha sauti, linaweza kubadilisha maana. Ile ngoma ya mti uliotobolewa ndani, isiyo na ngozi, tunayoiita kyondo, inatoa sauti za juu na za chini, na mpigaji anafuata kupanda na kushuka kwa maneno. Na kwa kuwa maneno mengi yanafanana kwa sauti, hapigi neno moja peke yake. Anapiga msemo mrefu unaojulikana, ili msikilizaji asipotee. Misionari Mwingereza John Carrington, aliyekaa miaka mingi karibu na Kisangani, alieleza kazi hiyo kwa Walokele katika kitabu chake cha 1949, na yeye mwenyewe alijifunza kupiga. Kiswahili hakina sauti za namna hiyo. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa Lubumbashi anasikia kelele nzuri tu pale ambapo babu yake wa Mulongo alisikia habari.

Chama cha Mbudye, waliotunza historia ya ufalme, hawakutenga kusimulia na kucheza. Walikuwa na lukasa, ubao wenye shanga unaoshikwa mkononi, na kidole kilipopita juu ya shanga mdomo ulitaja wafalme na mahali. Lakini historia hiyo hiyo waliiimba na kuicheza kwa miguu mbele ya watu. Kwao ngoma ilikuwa sehemu ya ushahidi. Na jambo la sauti kwenda pamoja na ukubwa ni la zamani sana huku kwetu: katika makaburi ya Katoto, upande wa Bukama, wachimbaji wa historia walikuta hata kengele ya chuma iliyozikwa pamoja na mtu. Hawakumwekea silaha na mapambo peke yake. Sauti yake pia ilimfuata.

Sasa tuje Kamina, miaka ya 1950, maana hapo sauti yetu ilitoka ikaenda mbali kuliko ngoma yoyote. Mwaka 1953 padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alifika Kamina. Baada ya muda mfupi alikusanya kundi la watoto wa masomo, karibu 45, wenye miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu wao karibu 15. Waliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa jina la mfalme wa Ubelgiji. Kutoka kundi hilo ilizaliwa Missa Luba, iliyoimbwa katika misa mara ya kwanza hapo Kamina tarehe 23 Machi 1958. Mwaka ule ule walisafiri Ulaya na kuimba katika maonyesho makubwa ya Bruxelles.

Wengi wanadhani padri alikaa mezani akaandika noti, watoto wakajifunza. Sivyo. Misa hiyo ilitungwa kwa mdomo, kwa kujaribu na kuitikiana, na noti zilichapishwa baadaye. Maneno ni ya Kilatini, lakini njia za sauti ni za kwetu na za jirani zetu. Kyrie inafuata kasala, wimbo wa maombolezo. Hosanna inafuata ngoma ya kucheza ya Kasai. Sanctus inafuata wimbo wa Kiluba wa kuagana. Mtu wa Kamina aliyesikia Sanctus hakuhitaji Kilatini ili ajue kwamba kuna kuagana hapo.

Na sahani ile ikaingia katika sinema. Mwaka 1964 Mwitalia Pier Paolo Pasolini aliweka Gloria yake katika filamu ya Injili ya Matayo. Mwaka 1968 Mwingereza Lindsay Anderson aliweka Sanctus katika filamu yake If...., habari za vijana wa shule wanaoasi wakubwa wao. Mwaka uliofuata filamu hiyo ilipata tuzo kubwa la Cannes. Kijana mmoja anakaa katika chumba chake, anarudia sahani ya watoto wa Kamina, na mtazamaji anaelewa bila kuambiwa kwamba moyo wa kijana huyu hauko tena shuleni. Ni kazi nzuri ya sauti, hatukatai. Mtengeneza filamu alijua kwamba wimbo unaweza kusema kile mchezaji anachokinyamazia, sawa vile mpiga ngoma wa Nkongolo alivyojua. Lakini tunauliza: wangapi katika wale watazamaji walijua kwamba wanasikia watu wakiagana? Onyo lilibaki, lugha yake ikapotea. Zaidi, watoto wale waliimba wakiangaliana na wakimwangalia mpiga ngoma, na sahani haina macho. Inapita vilevile, shimo liwepo au lisiwepo.

Huko Lubumbashi, iliyokuwa Elisabethville, njia nyingine ilifunguliwa. Joseph Kiwele, mwanamuziki aliyesoma kwa wamisionari na aliyetunga pia wimbo wa taifa wa Katanga ya 1960, alitunga mchezo wa kuimba wa Kiswahili, Chura na Nyoka, mwishoni mwa miaka ya 1950. Halafu watu wa Mufwankolo wakajulikana sana kwa Kiswahili cha mjini, kwa redio na baadaye kwa televisheni. Redio ni mwalimu mkali wa jambo hili. Nguo haionekani, uso hauonekani. Mlango ukigonga, mama akipiga kelele mbali, wimbo ukikatika, hiyo ndiyo nyumba, ndiyo njia, ndiyo matanga. Mwaka 1986 kundi hilo lilitengeneza Le pouvoir se mange entier, mchezo uliotoka katika msemo wa wazee juu ya ufalme, na mwanachuo Johannes Fabian aliufuata hatua kwa hatua na kuuandikia kitabu. Hawakuwa na karatasi ya kusoma. Walijaribu, wakabishana, wakajaribu tena. Waliuchezea kijijini Kawama, na wanakijiji wakaingia mchezoni. Kwa namna hiyo kutunga kwao kuko karibu na kule kwa Kamina.

Juu ya wakati wa Mobutu tutasema kidogo tu. Animasyo ya miaka ya 1970 ilizoeza kizazi kizima kwamba ngoma na wimbo vinaitwa ili kumsifu mkubwa mmoja. Ngoma iliyoonya mtu juu ya mfalme ikafundishwa kumpigia mfalme makofi. Kuna wapigaji wazuri waliopata chakula hapo, tusiwahukumu.

Siku hizi, katika sikukuu za masomo na za parokia, vijana wanacheza michezo mizuri juu ya ndoa, urithi, uchawi, na vita vilivyopita huku kwetu. Muziki unatoka katika simu na bafle. Hatusemi bafle ni adui. Kijiji chote kinasikia, na mvua haiharibu ngozi. Shida ni hii: mchezaji akisahau maneno, simu haimngoji. Watu wakicheka muda mrefu, simu inaendelea. Mama katika watazamaji akianza kulia kweli, kwa kuwa mchezo umegusa msiba wake, hakuna mtu wa kushusha sauti kwa heshima yake. Tena wale wazee wanaojua misemo ya kyondo hawaitwi, juu ya kuwa kazi yao imekwisha kufanywa na simu, na wengi hawaachi mtu nyuma yao.

Kwa hiyo, kundi lolote la Mulongo likiandaa mchezo, tunaomba mzee mmoja wa ngoma aitwe tangu siku ya kwanza ya kujaribu, si jioni ya sikukuu. Aambiwe hadithi yote mpaka mwisho wake, hata yale ambayo baadhi ya wachezaji hawajaambiwa. Na apewe mahali pa kukaa upande wa mbele, mahali anapoweza kuona miguu. Bafle inaweza kubaki pale nyuma, kwa ajili ya kucheza watu wote mchezo ukiisha.