Mkate wa Dirishani

Kenya, mtu akikwambia mkutane hotelini, usibebe mswaki. Hoteli kwetu haina kitanda. Ina benchi na meza zilizotandikwa mpira wa maua, birika kubwa linalofuka, na kasha la kioo ambamo mandazi, hafkeki na KDF vimepangwa kama vitabu vya maktaba. Kamusi zinalo neno mkahawa, na ni neno zuri, ila sijawahi kumsikia fundi wa mjengo akimwambia mwenzake “twende mkahawani”. Atasema, “Twende hoteli tukanywe chai.”

Historia ya mkate wetu huelezwa kutoka upande wa shamba, na wakati mwingine upande wa kiwanda. Mimi nataka kuitazama kutoka upande wa mteja. Alisimama wapi? Aliruhusiwa kuketi wapi? Nani alimwambia karibu, na nani alijifanya hamwoni?

Pwani ndiko pa kuanzia. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba watu wa kisiwa hicho walikula zaidi ndizi na samaki, na nafaka waliletewa kutoka sehemu nyingine za pwani. Nafaka ikishafika, njia za kuigeuza mkate ni nyingi: mkate wa mofa unaobandikwa kwenye ukuta wa tanuri ya udongo, mkate wa kumimina, mkate wa sinia, na chapati iliyovuka bahari kutoka Bara Hindi. Vingi vya vitu hivi viliuzwa, na vinauzwa hadi leo, mlangoni pa nyumba ya mtu. Mteja ni mtoto aliyetumwa na bakuli. Anapiga hodi, anaamkia, “Shikamoo bibi,” anaitikiwa marahaba, anaulizwa hali ya mamake na kama babake amerudi safari, ndipo atiliwe mbaazi na kuhesabiwa mahamri. Ukinunua kwa bibi yule huwezi kuwa mteja tu. Wewe ni mwana wa fulani, na kama nyumbani kwenu kuna ugomvi basi habari anazo kabla hujafika.

Mkate wa slesi, huu mweupe wa karatasi, ulikuja na njia nyingine kabisa. Ngano ya biashara ilipandwa bara na walowezi. Lord Delamere alijaribu kuilima Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, na ugonjwa wa kutu ukaimaliza shambani. Hakukata tamaa, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga ya Unga Limited. Jina la Kiswahili, mali ya mlowezi. Nairobi nayo ilikuwa na Norfolk Hotel, iliyofunguliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1904, na baadaye zikafuata hoteli nyingine ambamo mlowezi aliyeshuka kutoka shambani alikunywa chai yake kwa mkate na jemu. Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba trei. Kuketi, hapana. Mhindi naye, hata awe na pesa za kununua jengo zima, alikuwa na mipaka yake.

Watu hudhani ubaguzi ule ulikuwa kibao ukutani tu. Mara nyingi ulikuwa macho. Tom Mboya amesimulia kisa cha mwanzoni mwa miaka ya 1950, alipokuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji la Nairobi. Alikuwa peke yake kazini pale mwanamke Mzungu alipoingia na chupa ya maziwa ya kupimwa. Akatazama huku na huku. Mboya akamsalimu. Yule mama akauliza kama hakuna mtu hapa. Mtu yuko mbele yake, amemwamkia, na bado hayupo! Nakitaja kisa hiki kwenye habari ya mkate kwa sababu kinasema jambo ambalo kila aliyewahi kusimama kaunta analijua: kabla hujauziwa, sharti uonekane.

Basi walioishi Eastlands wakajijengea mahali pa kuonekana. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Kaloleni ikajengwa miaka ya 1940. Watu waliokuwa wakilala wengi chumba kimoja walihitaji mahali pa kukalisha mgeni, kusomewa barua, kuulizia kazi. Hoteli ikawa sebule yao. Nahisi ndiyo maana waliichukua ile “hotel” ya mjini, iliyowafungia mlango, wakaibandika kwenye kibanda cha mabati. Hiyo ni dhana yangu, sina hati ya kukuonyesha, lakini sioni maelezo mengine yanayonitosha.

Na mle ndani kuna adabu yake. Unaketi meza moja na mtu usiyemjua bila kumwomba ruhusa, mnapishana kwa sukari. Ukitaka chai ya rangi unaitisha sturungi. Ukitaka mkate, unaulizwa slesi ngapi, na kama upakwe siagi. Ukimaliza unatembea hadi kwa keshia, aliyekaa nyuma ya wavu wa waya, na kabla hujafika mhudumu ameshapaza sauti kutoka mwisho wa chumba: “Huyo wa koti, sabini!” Bili yako imesikika na wote. Wapo wanaoona hiyo ni aibu. Mimi naiona kama risiti ya sauti: hakuna atakayekuzidishia, kwa sababu jirani yako wa meza amekula vilevile na yeye ametangaziwa.

Kinachochekesha ni kwamba katika nchi yenye kahawa ya sifa duniani, mteja wa hoteli hunywa chai. Si bahati mbaya. Kwa miongo mingi serikali ya kikoloni ilimzuia Mwafrika kulima kahawa. Ruhusa ilianza kidogokidogo miaka ya 1930, sehemu kama Meru na Kisii, na mlango ukafunguka zaidi baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Hata alipoilima, ilikwenda ng'ambo. Ni Pwani tu ambako kahawa chungu ya kwenye dele, inayouzwa barazani kwa vikombe vidogo visivyo na mkono, iliendelea na maisha yake bila kumwomba mlowezi ruhusa.

Tukiondoka hotelini twende dukani, kuna kitu kinaitwa nusu mkate. Mwenye duka anaukata mkate pamoja na karatasi yake, kwa kisu kilichokuwa kikikata sabuni, nusu moja akaifunga kwenye gazeti na nyingine akaiacha rafuni ikingoja mwenzio. Hapo ndipo macho ya mteja hufanya kazi. Je, amekata katikati? Nusu ipi ina slesi nyingi? Watoto tuliotumwa tulijua kuhesabu kabla ya kwenda shule kwa sababu hiyo, maana ukirudi na nusu iliyopungua utarudishwa, na kumwambia mtu mzima “umenipunja” ni kazi ngumu kwa mtoto wa miaka sita.

Ndiyo sababu, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na damu iliyofuata, Kibaki na Raila walipotia saini mkataba tarehe 28 Februari 2008 mbele ya Kofi Annan, wananchi hawakuhitaji kufundishwa maana ya mseto. Waliiita serikali ya nusu mkate. Wanahabari walilitumia jina hilo kama mzaha, lakini aliyewahi kununua nusu mkate alielewa kwamba ndani yake kuna swali zito: kisu ameshika nani?

Swali hilo lilirudi mwaka 2024. Mswada wa Fedha ulipendekeza mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Kulikuwa na mapendekezo mengine mengi, ya magari, ya pesa za simu, lakini hili la mkate ndilo lililofika kila meza. Tarehe 18 Juni, vijana wakiwa tayari barabarani, serikali ikasema kodi ya mkate imeondolewa. Wiki moja baadaye, tarehe 25, bunge likavamiwa na watu wakauawa kwa risasi. Siku iliyofuata rais akasema hatatia saini mswada huo. Wachambuzi waliandika mengi juu ya deni la taifa. Hotelini nilikokuwa nikinywa chai siku hizo, mjadala ulikuwa mfupi: “Hata slesi, bana? Hata slesi?”

Na sasa kumezuka aina mpya ya mahali mitaani kwetu, ambayo si duka wala hoteli. Ni bekari yenye meza. Tanuri iko nyuma, kioo mbele, kahawa ya mashine, waifai ya bure, namba ya till imebandikwa kaunta. Kahawa moja inakaribia bei ya mikate minne. Sizilalamikii, mkate wa moto ni mkate wa moto, na vijana wa mtaa wamepata kazi hapo. Lakini nimeanza kuangalia ni nani anayeingia mlangoni na ni nani anayepitia dirishani. Maana ile iliyo karibu na kwetu ina dirisha upande wa barabara, na ikigonga saa moja jioni mikate ambayo haikuuzwa hutolewa hapo kwa bei ya chini. Foleni huwa ndefu: mabawabu wanaoingia zamu ya usiku, mama mboga, wanafunzi wa chuo. Ndani, wenye laptop hawageuzi hata shingo.

Mwezi uliopita shosho mmoja anayeuza sukuma karibu na stegi aliiacha foleni, akazunguka, akaingia kwa mlango. Bawabu akamwambia, “Shosho, mkate ni kwa dirisha.” Akajibu kwamba mkate anajua uliko, anataka chai na kiti. Akapewa vyote viwili. Alikunywa polepole, miguu ameivua viatu chini ya meza, kikapu chake kimechukua kiti cha pili. Alipoinuka, yule kijana mhudumu, ambaye naamini alianzia kazi kwenye hoteli za Gikomba, alijisahau akapaza sauti hadi kaunta: “Shosho wa leso, mia na hamsini!”

Wenye laptop wakageuka wote. Shosho akafungua fundo la leso, akahesabu, akamwambia keshia chai yao ni nzuri ila maziwa wanayaogopa.