Moyo wa kutokata tamaa ni nini hasa? Tujifunze kwa kijana wa Malawi aliyewasha taa kwa upepo

Siku moja kwenye kipindi cha asubuhi nilisema hewani kwamba mtu akiamini anaweza, ataweza. Haukupita muda, simu ya studio ikaita. Alikuwa mzee mmoja mkulima. Akaniambia, "Mwanangu, nakusikiliza kila siku. Lakini hiyo imani unayoisema, nikienda nayo dukani watanipa mbolea?"

Nikacheka, nikamjibu, "Mzee wangu, hapo umenishika." Kipindi kiliisha, lakini swali lake halikunitoka kichwani. Wasikilizaji wengi hututumia ujumbe wakiomba tuzungumzie namna ya kuinuka baada ya kuanguka. Kuna aliyefeli mtihani, aliyepoteza mavuno, na aliyeacha shule kwa kukosa ada. Kuwaambia "amini tu" hakutoshi.

Katika makala haya tutaeleza moyo wa kutokata tamaa ni kitu gani, unafanya kazi vipi, na unaishia wapi. Tutatumia mfano wa kweli wa mtoto wa mkulima kutoka nchi jirani ya Malawi.

William Kamkwamba ni nani?

William Kamkwamba alizaliwa mwaka 1987 na kukulia kijijini Wimbe, wilaya ya Kasungu, katikati ya Malawi. Wazazi wake walilima mahindi na tumbaku. Nyumbani walikuwa watoto 7, yeye peke yake mvulana. Kijiji hakikuwa na umeme. Jua likizama, watu walilala.

Mwaka 2001 na 2002 Malawi ilipata njaa kali. Mafuriko na ukame viliharibu mavuno, na akiba ya mahindi ya taifa ilikuwa imeuzwa. Familia yake ilifikia kula mara moja tu kwa siku, jioni, tena matonge machache ya ugali kwa kila mtu. Watu walikufa.

Wakati huohuo William alikuwa ameanza sekondari. Ada ilikuwa kama dola 80 za Marekani kwa mwaka, na baba yake hakuwa nayo. Akiwa na miaka 14, alirudishwa nyumbani.

Alifanya nini?

Kijijini kulikuwa na maktaba ndogo katika shule ya msingi. William alianza kwenda kuazima vitabu ili wenzake wasimwache nyuma sana. Huko alikutana na kitabu cha sayansi cha Kiingereza chenye picha za mitambo ya upepo. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Alitazama michoro kwanza, kisha akatafuta kwenye kamusi maana ya maneno yaliyoandikwa kando yake. Kitabu kilieleza kwamba upepo unaweza kuvuta maji na kuzalisha umeme. Maji yangemwezesha baba yake kulima mara mbili kwa mwaka. Kwa kijana aliyetoka kuona njaa, hilo halikuwa jambo la mchezo.

Tena hakuanzia sifuri. Yeye na binamu yake walikuwa tayari wanafungua redio mbovu na kuzitengeneza, wakijifunza kwa kujaribu na kukosea. Sisi watu wa redio tunalifurahia hilo.

Akaenda kwenye jalala la vyuma chakavu. Alikusanya feni ya trekta, shokapu, na mabomba ya plastiki aliyoyapasha moto na kuyanyoosha yawe mapanga. Vizibo vya soda vikawa washa. Baba yake alimpa fremu ya baiskeli iliyoharibika. Dainamo ya baiskeli ilinunuliwa na rafiki yake kwa fedha zake mwenyewe. Mnara waliujenga kwa miti ya mikaratusi, urefu kama mita 5.

Watu walimwona kichaa. Wengine walisema anavuta bangi. Wanafunzi wa shule aliyoiacha walimcheka wakimwona akichakura vyuma. Siku aliyopanda mnarani, watu walikusanyika chini, wengi wakisubiri aaibike. Upepo ukavuma, mapanga yakazunguka, na taa ndogo mkononi mwake ikawaka.

Kutoka taa moja alifikia taa nne nyumbani, zenye swichi zake. Alitengeneza hata kifaa cha kukata umeme nyaya zinapoleta hitilafu, akifuata kanuni ya kengele ya umeme. Baadaye alitengeneza mtambo mwingine wa kusukuma maji ya kumwagilia. Watu wakaanza kupanga foleni nyumbani kwao kuchaji simu.

Nini kilikuwa ndani ya moyo huo?

Tukiichambua habari hii tunaona mambo manne. Hakuna hata moja linalohitaji mtu azaliwe na kipaji cha ajabu.

La kwanza ni kubadilisha swali. Mtu akipatwa na shida, swali linalokuja kwanza ni "kwa nini mimi?" Ni swali la kibinadamu, lakini halina jibu la kufanyia kazi. William alihamia kwenye swali jingine: shule imefungwa, je, kusoma nako kumefungwa? Jibu lilikuwa hapana, akaenda maktaba.

La pili ni kuanza na kilichopo. Hakusubiri apate vifaa vya dukani. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema. Kabla ya mnara alitengeneza kwanza mtambo mdogo wa majaribio. Jaribio dogo likishindwa hasara huwa ndogo, na somo linabaki.

La tatu ni kuvumilia maneno ya watu. Kijijini kila mtu anakujua, na kuchekwa kunauma kuliko mjini. Lakini angalia: hakugombana na waliomcheka, wala hakupoteza siku kujieleza. Aliendelea kufunga boliti.

La nne ni kukubali kusaidiwa. Hili husahaulika sana. Tunapenda kusimulia kana kwamba mtu alipanda peke yake. Sivyo. Baba alitoa baiskeli, rafiki alitoa fedha, binamu alitoa nguvu, na kuna waliopeleka vitabu kwenye shule ya kijiji. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo moyo wa kutokata tamaa si kujiambia mambo ni mazuri wakati ghala ni tupu. Ni tabia ya kutafuta hatua moja inayowezekana leo, kuifanya, kisha kutafuta nyingine kesho.

Moyo huo una mpaka

Hapa ndipo swali la yule mzee linaporudi. Taa ya William haikulipa ada. Baada ya mtambo kuwaka, alikaa nje ya darasa kwa miaka mingine kadhaa. Mlango ulifunguka mwishoni mwa mwaka 2006, gazeti la nchini kwao lilipoandika habari zake. Mwezi Juni 2007 alialikwa kwenye mkutano wa kimataifa hapa kwetu, Arusha. Alikuwa na miaka 19, na ndiyo mara ya kwanza alipanda ndege. Jukwaani alizungumza kwa dakika chache tu, kwa Kiingereza cha kujikongoja, akieleza kwamba alijaribu na akafanikiwa. Waliomsikia wakajitolea kumsomesha. Alirudi shule, akaendelea Afrika Kusini, na mwaka 2014 akahitimu katika Chuo cha Dartmouth, Marekani. Habari yake ilitolewa kitabu mwaka 2009 na filamu mwaka 2019.

Jiulize: kama gazeti lisingefika Wimbe? Angebaki na taa zake nne na moyo wake uleule, bila shule. Vijana wengine wenye juhudi kama yake hawakufikiwa na mtu. Kwa hiyo tukimwona aliyekwama, tusikimbilie kusema hakujituma. Juhudi humfikisha mtu mlangoni, lakini mara nyingi lazima awepo wa kufungua.

Sisi tufanye nini?

Kama ni wewe uliyekwama, chukua karatasi uandike vitu vitatu: kilichofungwa, kilichobaki wazi, na mtu mmoja unayeweza kumweleza wiki hii. Usiandike ndoto ya miaka kumi. Andika hatua ya wiki moja.

Kama tatizo ni shule, fahamu kwamba hapa Tanzania njia zipo. Ada katika shule za serikali iliondolewa kuanzia mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hadi kidato cha sita, ingawa sare, madaftari na chakula bado ni mzigo wa mzazi. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu walioacha shule, wakiwemo wasichana waliojifungua, kurudi darasani. Ambaye hakumaliza sekondari anaweza kusoma nje ya mfumo wa kawaida kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na kufanya Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT. Aliyefeli kidato cha nne anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wanaopenda ufundi wana vyuo vya VETA na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Anza kwa kumuuliza afisa elimu kata.

Na kama wewe ni mzazi au jirani, angalia yule kijana anayefungua redio mbovu uani. Huenda unaona anachafua nyumba. Kabla hujamfukuza, muulize anatafuta nini. Fremu ya baiskeli iliyokufa kwako ni chuma chakavu; kwa mwingine ni mwanzo.

Yule mzee alipiga tena siku nyingine, nikamjibu hivi: "Hapana mzee wangu, imani haitakupa mbolea dukani. Lakini inaweza kukuamsha ukakusanye samadi ya zizini, na ukamuulize bwana shamba namna ya kuiozesha kabla mvua hazijaanza." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo sasa nimelielewa. Lakini na wewe umlete huyo bwana shamba hapo redioni."

Tumemwalika.