Unene na Undugu katika Nchi ya Njaa

Katika Kivaa, eneo kame la Masinga huko Machakos nchini Kenya, wajibu wa ndugu kwa nduguye ulikuwa kwanza wajibu wa chakula, kwa kuwa Wakamba, wenyeji wa huko, walikumbuka miaka yao kwa majina ya njaa, kama Ngomanisye ya mwishoni mwa karne ya 19 na Yua ya Ndeke, yaani njaa ya ndege, ya 1961, ambapo chakula kiliangushwa kutoka angani. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, halikuzuia njaa ya 1984. Katika mazingira hayo mwili mnene ulisomwa kama ushahidi wa shibe, na kumpunguzia dada muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na maharagwe au mbaazi, kungeonekana kuwa uchoyo, kama si uadui. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015, uliokuta unene uliozidi kwa takriban asilimia 27 ya watu wazima nchini, unaonyesha jinsi hali ilivyogeuka: ndugu anayefuata ushauri wa daktari wa kumpunguzia chakula nduguye mnene au mwenye kisukari hulazimika kunyima pale ambapo mila ilimtaka apakue, na lawama za ukoo, ambazo hazikutungwa kwa ajili ya kisukari, humwangukia yeye.