Uga Sumaku Sare wa Maikrowevu

Neno uga, ambalo kwa asili ni uwanja ulio wazi nyumbani, hutumika katika fizikia kutaja eneo ambamo nguvu fulani, iwe ya sumaku, ya umeme au ya mvutano, huhisiwa. Na uga sumaku huitwa sare pale ambapo ukubwa na mwelekeo wake ni uleule katika kila nukta ya eneo linalokusudiwa. Kuufasiri kuwa "uga usiobadilika" kunapotosha, hasa katika maikrowevu, kwa kuwa uga wa gigahezi 2.87, unaotumiwa kugeuza spini za elektroni katika almasi zenye kasoro ambamo atomu ya nitrojeni imepakana na nafasi iliyokosa kaboni, hugeuka na kurudi mara bilioni 2.87 kwa sekunde. Usare wake ni wa mahali, si wa wakati.

Usare huo unatakiwa kwa sababu kasi ya kugeuka kwa spini hufuata ukubwa wa uga: spini mbili zikipata nguvu zinazotofautiana kwa asilimia 10, moja inapotimiza mageuzo 10 nyingine ndiyo kwanza inamaliza la 9, na ishara ya jumla kutoka kwenye almasi hufifia.

Ili kuzalisha uga wa namna hiyo, njia moja iliyonyooka ya shaba inayopitisha mkondo wa umeme kwenye bodi ya saketi haifai, maana uga wake katika milimita 2 ni takriban nusu ya ule wa milimita 1. Kitanzi cha mviringo ni bora, kwani katikati yake mwinamo wa uga ni sifuri. Na bora zaidi ni vitanzi viwili vinavyotazamana, umbali kati yake ukilingana na nusu kipenyo, mpango unaoitwa jozi ya Helmholtz. Hata hivyo, masafa haya yana ukaidi wake. Mkondo hupita kwenye ngozi ya shaba yenye kina cha mikromita 1.2 hivi, ilhali shaba ya bodi za kawaida ina unene wa mikromita 35, tena mkondo huo hujazana kingoni, hivyo kuipanua njia hakuusambazi mkondo sawasawa kama inavyodhaniwa. Aidha, wimbi lenye urefu wa sentimita 10 hivi hewani hufupika karibu nusu likipita kwenye bodi, na kitanzi kisipokuwa kidogo sana kuliko urefu huo, mkondo hutofautiana kutoka sehemu moja ya mzingo wake hadi nyingine.

Kwa hiyo istilahi ya uga sumaku sare haijakamilika bila kutajwa eneo linalohusika na tofauti inayovumiliwa ndani yake.